Ubao wa Ambrose

Hilda alilipekua daftari la kiwanda mara tatu, ukurasa kwa ukurasa, na jina la Ambrose halikuwamo. Jumapili usharika wao wa Makambako ungesomewa historia ya mji: jinsi reli ilivyofika, jinsi kiwanda cha mbao kilivyojengwa kando ya stesheni kikaja kufungwa, na majina ya waliofia kazini. Yeye ndiye aliyepewa kuiandika, kwa kuwa alisoma chuo. Kuisoma mbele za watu, hilo lilimtisha hata kulifikiria.

"Alikuwa kibarua," alisema mzee Shedrack, katibu wa kamati ya usharika. "Tukimwingiza mmoja kwa maneno matupu, kesho kila ukoo utaleta wake."

Hilda akaenda kumwambia bibi Letisia, mjane wa Ambrose.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Wamekataa, sivyo? Uso wako huo hauwezi kuficha hata njaa."

Letisia akamwonyesha juu ya jiko. Kwenye boriti ulilala ubao mmoja wa msindano, mweusi kwa moshi wa miaka arobaini. Kiwandani ulikuwepo utaratibu: kila mpasuaji alichonga alama yake kwenye kichwa cha ubao, ili ukipinda ajulikane wa kulaumiwa. Na mpasuaji akifa, ubao wake wa mwisho haukupakiwa kwenye behewa, ulipelekwa kwake. Gogo lilipomwangukia Ambrose, wenzake wawili waliuleta huu kwa miguu.

"Nimeuweka uwe kifuniko cha jeneza langu," Letisia alisema. "Nenda nao, lakini unirudishie."

Jumamosi Hilda aliulaza juu ya meza ya kamati. Mzee Edward, mpasuaji pekee aliyebaki hai, hakuwa akiona tena. Alipapasa kichwa cha ubao kwa kidole gumba, akarudia.

"Mikato mitatu," alisema. "Imelalia kulia. Yetu sote ililalia kushoto. Huyu ni yule mashoto wetu, aliyekuwa akitupiga viwiko kila tukila ugali."

Watu wakacheka kidogo. Shedrack akachukua kalamu, akaliandika jina kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa ubao wenyewe ubaki hapa," akasema. "Tuutundike ukutani, wageni wauone."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hilda alitazama sakafu. Jina lilikwishapatikana, angenyamaza tu, kama alivyozoea, na wote wangemshukuru.

"Hapana, baba," alisema. "Una mwenyewe."

"Mwenyewe si marehemu?"

"Ni wa jeneza la bibi Letisia. Nilimwahidi kuurudisha."

Mzee Edward akaondoa mkono wake juu ya ubao, taratibu, kama aliyegundua kwamba ameuweka begani kwa mtu.

Jumapili, ubao ukiwa umesharudi juu ya jiko, Hilda alisimama kusoma. Sauti ilimpotea alipofika kwenye stesheni, ikarudi. Alipolitaja jina la Ambrose, Letisia aliinuka kwenye benchi la tatu, peke yake, kama mtu aliyeitwa mahudhurio. Hilda akangoja. Bibi alipoketi, ndipo akasoma jina lililofuata.