Magoti ya Ghorofa ya Nne

Damaris anasema hakuna aliyemlazimisha Eseza. Anasema yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni na sare yake ya ulinzi, akaona kwa macho yake: mheshimiwa aliingia na mkewe, na Eseza, bila kuambiwa na mtu, akashuka magoti yote mawili kwenye marumaru.

"Alijipendekeza," Damaris huwaambia wenzake chumbani kwao Al Nahda, mtaa mmoja wa mji wa Waarabu, wakisubiri zamu ya jiko. "Aliona mkubwa wa kwao akadhani atabebwa. Sasa msichana yeyote akiajiriwa pale kwa usafi anaambiwa apige magoti. Sisi tulikuja huku kufanya kazi, hatukuja kuabudu watu."

Eseza huyasikia yote akiwa kitanda cha chini, pazia limefungwa. Ni kweli, mara ya kwanza hakulazimishwa.

Asubuhi ya siku hiyo aliianzia chooni. Nyumba ya maonyesho ilikuwa ghorofa ya nne ya mnara ambao ulikuwa bado unajengwa, kule Marina. Ghorofa hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na milango, taa na mapazia. Juu yake kulikuwa na zege tupu na vyuma, na wanaume wa Bangladeshi na Pakistani waliopandishwa kwa lifti ya nje ili wanunuzi wasikutane nao. Ndani kila kitu kilikuwa cha kutazamwa. Matunda yalikuwa ya plastiki. Vitabu vya kabatini vilikuwa migongo mitupu. Vitanda vilikuwa vimefupishwa na fundi, chumba kipate kuonekana kikubwa. Choo nacho kilikuwa kizuri, cheupe, mfuniko wake ukishuka wenyewe polepole, ila hakikuunganishwa na bomba lolote. Kibandiko kiliwaambia watu wasikitumie. Lakini watu waliokuja kununua nyumba kama zile hawakuwa watu wa kusoma vibandiko. Walijisaidia, wakabonyeza, wakaona maji hayaji, wakafunga mfuniko, wakatoka wakinukia manukato.

Eseza ndiye aliyechota. Alikuwa amekata chupa ya maji akaifanya kopo. Alichota, akamimina ndooni, akashuka na ndoo kwa ngazi za mafundi mpaka kwenye vyoo vyao vya plastiki nyuma ya uzio, akapanda tena. Jana yake ilikuja familia nzima na watoto. Kilichobaki kilikuwa kimekauka pembeni mwa bakuli. Alikikwangua kwa kijiko, kichwa akikigeuzia ukutani, kisha akasugua, akafuta, akapulizia dawa, akaleta chetezo.

"Eseza, ongeza udi," Hudson alisema kutoka sebuleni. Hudson alikuwa mwuzaji, Mkenya wa suti ya bluu na viatu vyenye ncha. "Bado kuna kitu."

"Ni hilo bakuli, kaka Hudson. Waambie waliunganishe."

"Jengo likiisha litaunganishwa."

"Litaisha lini?"

"Wewe dada una maswali kama polisi wa barabarani. Yalla, haraka, udi. Leo nina mtu wa kwenu, mheshimiwa kabisa, na anataka nyumba mbili."

Jengo likiisha. Hata pasipoti yake ilikuwa ikingoja hilo. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa tatu, naye akaenda ofisini kwa Madam Ghania, msimamizi wa mauzo, akasimama mbele ya meza na kuomba pasipoti yake aende kwao Uganda. Madam Ghania hakumfokea. Alimwita mpenzi. Alimwambia atapewa, inshallah, nyumba zikiisha kuuzwa, kwani sasa hivi akimwachia, nani atafanya usafi? Na nyumba haziishi. Tangu mji ule upewe maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka elfu mbili na ishirini, watu walikuwa wakinunua nyumba zikiwa bado ni picha. Mnara wa kwanza ulipokaribia kwisha kuuzwa, kampuni ilitangaza wa pili nyuma yake, ambao mahali pake palikuwa bado shimo lenye maji, na nyumba ya maonyesho ikawa ni ileile.

Huko Busoga mama yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu Pasaka. Aliyekuwa naye ni Angella, binti wa Eseza, mwenye miaka saba. Jirani mmoja aliwaazima simu siku za Ijumaa.

"Bibi leo amekula," Angella alisema mara ya mwisho. "Nilimpondea ndizi."

"Umefanya vizuri, mama yangu. Na kumgeuza, unamgeuza?"

"Simuwezi. Mzito."

"Nani anakusaidia?"

"Hakuna. Analalia upande uleule. Upande huo unanuka, mama. Nzi wanakuja."

Maneno hayo Eseza alikuwa nayo wakati akifukiza udi.

Kabla mheshimiwa hajafika, Hudson alisema neno moja kwenye redio yake ya kiunoni, na huko juu mashine za kukata chuma zikazimwa. Ndivyo ilivyofanywa kila mnunuzi alipokuja, ili asikie utulivu. Mafundi waliachwa wamekaa juani kwenye zege, hawana ruhusa ya kushuka wala ya kugonga msumari, mpaka mgeni aondoke. Muda huo waliulipa jioni, wenzao wakipanda basi.

Mheshimiwa Siraje aliingia na mkewe, Joweria, na Eseza akamtambua hapohapo. Uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye ukuta wa zahanati ya kwao, ile isiyo na dawa. Tena alipokuwa akiomba kura alifika mpaka uani kwao, akakaa kwenye kiti, na mama yake Eseza akapiga magoti akampa maji ya kunywa. Kwao mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Kabla Eseza hajafikiri alikuwa chini, viganja vimeshikana, macho kwenye viatu vya mgeni.

"Kodheyo, ssebo," alimwamkia kwa Kisoga, akimwita bwana.

Mheshimiwa alisimama. Akacheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe! Huku nako tupo? Wewe wa nani?"

Eseza alimtajia baba yake na kijiji. Mheshimiwa akamwekea mkono kichwani, akamgeukia mkewe. "Unaona? Hawa wamelelewa. Wale wa Kampala siku hizi wanakupa mkono tu, kama mnadaiana."

Hudson hakuelewa Kisoga, lakini alielewa kwamba mteja amefurahi. Akawatembeza. Alipofika kwenye chumba cha mtumishi, nyuma ya jiko, karibu na mashine ya kufulia, chumba kisicho na dirisha, aliita. "Eseza, lala kidogo waone."

Akalala. Kitanda kilikuwa kimefupishwa kama vile vingine, akakunja magoti.

"Anaenea," alisema Joweria.

"Anaenea kabisa, madam. Na mlango ukifungwa, mtu akipika, akifua, kule sebuleni husikii kitu."

Wakati wa kuondoka, mheshimiwa alimwambia Eseza kwa lugha ya kwao, "Narudi kusaini. Tutaongea." Na Eseza aliona jambo jingine: Madam Ghania, ambaye huwaamkia wanunuzi akiwa amekaa ofisini mwake, alikuwa amesimama. Alimsindikiza mheshimiwa mpaka kwenye lifti akimshikia mlango. Mtu wa nyumba mbili angeweza kumwomba lolote. Pasipoti ilikuwa kwenye kabati la ofisi, hatua chache tu kutoka hapo. Neno moja la mtu kama huyo lingeitoa.

Siku ya pili Madam Ghania alimwita. Alikuwa na picha kwenye simu yake: Eseza chini, mheshimiwa akicheka.

"Hii ya magoti," alisema. "Nzuri sana. Inaonyesha nyumba ya heshima. Utafanya kwa kila mteja."

"Madam, ile ni salamu ya kwetu. Tunawafanyia wakubwa wetu."

"Hawa wote ni wakubwa," alisema Madam Ghania, akarudi kwenye simu yake. "Khalas, basi."

Hivyo akapiga magoti. Aliwapigia Warusi, Wahindi, Wachina, na Waarabu ambao wengine waliona haya wakageuza uso. Wengi hawakuona haya. Walipiga picha. Bwana mmoja alimwambia ashuke tena, mara ya kwanza simu yake haikuwa tayari. Mtoto mmoja wa kiume alimpanda mgongoni akamchapa ubavuni kwa mkono, akimwendesha kama punda, na wazazi wake wakacheka, na Hudson akacheka kwa sababu wazazi wanacheka. Aliomba zulia dogo. Akaambiwa zulia litaficha marumaru. Magoti yakaota sugu nyeusi, kisha moja likapasuka, na damu ilipogusa sakafu Hudson alimpa kitambaa afute.

"Kaka Hudson, mama yako angeniona hivi angesema nini?"

"Mama yangu ananiuliza nimeuza ngapi." Akarekebisha tai kwenye kioo. "Na wewe usijifanye umeonewa. Si uliianza mwenyewe?"

Alikuwa akisema kama Damaris. Labda walikuwa wameongea.

Eseza alivumilia kwa sababu mheshimiwa alisema atarudi. Wakati akichota chooni, wakati akipiga deki, alipanga maneno. Yasiwe mengi. Mkubwa hapendi maneno mengi. Ataanza na mama, yule aliyempa maji. Kisha mtoto. Kisha pasipoti. Hatamwomba nauli, hatamwomba kitu kingine.

Alirudi baada ya mfungo. Redio ikasema, mashine zikanyamaza. Mheshimiwa na Joweria walisaini ofisini, kisha wakaletwa ndani kunywa kahawa na kuitazama nyumba mara nyingine. Sebuleni walikuwapo mzee wa Kihindi na bintiye, wanamalizia kutazama. Hudson akampa Eseza ishara ya kidole, naye akawapigia hao magoti ya kuwaaga. Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni. Aliona.

Wahindi walipotoka, mheshimiwa akakaa kwenye kochi, akachukua tende. Eseza alimfuata. Akashuka mbele yake taratibu, goti bovu likamchoma, akaunganisha viganja.

"Kodheyo, ssebo. Ni mimi. Mama yangu ni yule aliyekupa maji uani kwetu."

Mheshimiwa alimtupia Hudson tabasamu, mdomo una tende. Akamsemesha kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Nyinyi watu mnajua kazi. Ile siku nilidhani ni adabu ya kwetu. Kumbe kila mtu anapigiwa, hata yule Mhindi."

"Ni huduma ya nyumba, mheshimiwa," alisema Hudson.

"Ssebo, ile ya wengine ndiyo ya kazi," Eseza alisema kwa Kisoga. "Hii si ya kazi. Hii nakupigia wewe."

"Sikia," mheshimiwa alimwambia mkewe. "Hata maneno wamempangia."

"Hakuna aliyenipangia, ssebo. Mama amepooza. Aliye naye ni mtoto wa miaka saba, hawezi kumgeuza. Mkataba wangu umekwisha."

Joweria alimtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu iliyokunjwa chini yake. Alimtazama vizuri, kama alivyotazama kabati za jikoni. Kisha akamwuliza Hudson kwa Kiswahili: "Huyu naye, tunaweza kumpata pamoja na nyumba? Ameshafundishwa, na anatosha kwenye kile kitanda."

"Kila kitu kinaongeleka, madam. Nitamwambia Madam Ghania. Karatasi zake ziko hapahapa ofisini."

"Basi mwambie."

Mheshimiwa alitema kokwa ya tende kwenye kikombe chake cha kahawa. Akatema ya pili. Akatazama huku na huku pa kukiweka, meza ilikuwa mbali kidogo, na mbele yake kulikuwa na viganja viwili vimeinuliwa. Akakiweka humo. Joweria akaweka chake juu yake.

Wakainuka. Hudson akafungua mlango wa roshani, akawaonyesha maji ya Marina na mashua nyeupe zilizofungwa, akawaambia upande huu jua haliwachomi jioni. Huko juu hakukuwa na sauti hata moja. Redio kiunoni mwake ikakoroma: wateja wengine wako kwenye lifti.

"Eseza, usiinuke," alisema bila kugeuka. "Kaa hivyohivyo."

Eseza alikaa hivyohivyo. Kahawa iliyobaki ilikuwa imemwagikia vidole vyake, na kokwa moja, bado ina mate, ilikuwa imedondokea kifundoni mwa mkono. Mheshimiwa alikuwa ameegemea chuma cha roshani, mgongo wake mpana umeziba nusu ya mlango, akiuliza kama gari linapewa nafasi moja au mbili.

"Ssebo," alisema Eseza kwa sauti iliyotosha kufika. "Mwambie Madam anipe pasipoti yangu. Mwambie tu."

"Mbili, mheshimiwa," alisema Hudson. "Kila nyumba mbili."

"Ssebo. Mwambie."