Chumvi ya Placi

Barla Deplazes alistaafu kuendesha basi la njano la posta akiwa na mambo mawili ya kujivunia. Hakuwahi kumpoteza abiria mlimani, na gari lake dogo jekundu la viti viwili halikuwahi kuonja chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. La kwanza hakulitaja sana, maana aliona ni kazi ya Mungu. La pili alilitaja kila mahali: dukani, nje ya kanisa baada ya misa, hata kwa fundi aliyekuja kusafisha bomba la jiko. Lilikuwa gari la chini, lenye ngurumo nzito, na alilipenda kuliko alivyoona inafaa kumwambia padri.

Majira ya joto gari lilikaa chini ya kibanda cha mabati kando ya nyumba yake, huku juu kijijini Valdira. Baridi ikikaribia, Barla alilishusha hadi banda la marehemu baba yao, kule chini karibu na daraja. Kibandani lisingeweza kubaki. Theluji ya huko juu ikianguka hufika usawa wa madirisha, na mabati yale yalishawahi kulala chini mara mbili.

Banda lilikuwa mali ya mdogo wake, Placi. Lakini baba, mbele ya mwanasheria na watoto wake wote wawili, alisema upande wa kushoto utakuwa wa gari la Barla kila majira ya baridi, mradi liwe limeingia ifikapo Sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe kumi na moja Novemba, siku ambayo kijijini mikataba ya malisho huanza na kuisha. Mwaka ambao gari halitaingia, upande huo utarudi kwa Placi moja kwa moja. Mzee yule alikufa akidhani ameacha amani.

Placi aliutaka upande huo kwa ajili ya mashine zake za kukatia nyasi. Na Placi ndiye aliyeendesha lori la halmashauri, lile linalosukuma theluji na kumwaga chumvi.

Kila mwaka, siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, Barla alikwenda na gari lake makaburini kuwawashia wazazi mishumaa, na kesho yake alilipeleka bandani. Mwaka huu kesho yake ilipofika, alisikia lori likinguruma nje. Alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Barabara ilikuwa kavu kama meza, mbingu haina wingu, na Placi alikuwa akimwaga chumvi kuanzia kwenye kibanda cha mabati kushuka.

"Wewe, hii ni nini?"

"Chumvi."

"Naona ni chumvi. Theluji iko wapi?"

"Iko njiani."

"Redio imesema jua wiki nzima."

"Redio haiendi shule kwa miguu, dada. Watoto ndio wanaokwenda." Placi aliegemea dirisha la lori kwa raha zake. "Au unataka mtoto wa mtu avunjike mguu ili gari lako lisichafuke tumbo? Nenda kaseme hivyo pale ofisini. Mimi mwenyewe nitakushikia mlango."

Barla hakwenda. Nani angebishana na chumvi mtoto akishatajwa?

Onna, jirani yake mwenye duka, alijaribu kumshauri. "Mwite mwenye lori la kubebea magari."

"Halikati kona ya ukuta wa kanisa. Kona ile nimeikata na basi miaka yangu yote, najua kinachopita na kisichopita."

"Basi pita tu juu ya chumvi, mwenzangu. Gari ni gari."

"Na wewe uza maziwa yaliyoharibika. Maziwa ni maziwa."

Onna alicheka, lakini Barla hakuwa anatania. Chumvi ikishaingia kwenye mikunjo ya chuma, inakula kimya kimya, na mwenye gari hujua siku kidole kinapotoboa sakafu.

Alibaki na mvua. Mvua moja nzito ingeosha barabara. Kila jioni alipiga magoti na rozari yake akaomba mvua, na kila jioni, katikati ya rozari, aligundua kwamba ameshaacha kuomba mvua, anaomba ekseli ya lori la Placi ivunjike. Akaona haya, akaanza upya. Mchana mmoja mvua ikanyesha kweli, na maji machafu yakateremka mitaroni. Barla akakimbia kibandani. Alipomaliza kuvua turubai na kuunga betri, mvua ilikuwa imekatika, na lori lilikuwa likipanda taratibu na chumvi ikiruka nyuma yake. Placi alimpungia mkono.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini ikafika. Kanisani Placi alikaa benchi la nyuma yake. Padri aliposema watu watakiane amani, Barla aligeuka akampa mkono mama wa pembeni, kisha, kwa kuwa watu wanaangalia, akampa na mdogo wake.

"Amani ya Kristo, dada," Placi alisema kwa upole. "Barabara nimeiwekea ya kutosha. Kabla ya misa."

Barla aliubana mkono ule mpaka pete ya Placi ikamkwaruza. "Na iwe kwako pia."

Alipiga magoti akaficha uso. Hakuomba mvua tena. Alimuuliza Mungu kwa nini hampi kitu kidogo namna ile, na katika ukimya uliofuata akajiona, mwanamke mzima, anashikwa pua na mdogo wake kwa sababu ya maneno aliyoyatangaza yeye mwenyewe dukani. Placi hakuhitaji kufuli wala ukuta. Majivuno ya Barla yalitosha kuufunga mlango wa banda.

Hakusubiri baraka ya mwisho. Ratiba ya basi aliijua kuliko sala nyingi, na basi la kushuka lilikuwa karibu kupita.

Alilitoa gari kibandani. Tangi lilikuwa limejaa, tairi zimejazwa upepo kupita kawaida, tayari kwa kulala bandani majira yote ya baridi. Chembe za chumvi zilianza kugonga chini ya bodi, moja moja, kisha kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria. Barla alikaza taya akaendelea. Kwenye kioo cha nyuma akaona lile alilolitarajia: rangi ya njano ikiteremka nyuma yake.

Chini ya ukuta wa kanisa, mahali ambapo magari mawili hayapishani, lori la Placi, aliyetoka kanisani mara tu baada yake, lilikuwa linapanda. Placi alisimama pua kwa pua na gari jekundu, akashusha kioo.

"Rudi nyuma, dada. Niko kazini."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Mimi sina haraka. Naweza kukaa hapa mpaka Martini aishe."

Barla alitazama kioo cha nyuma. Kona ikaleta basi nyuma yake, na basi likasimama. Dereva alikuwa Flurina, ambaye Barla ndiye aliyemfundisha kazi. Flurina alitazama lori, akatazama gari, akatoa mkono dirishani na kumwonyesha Placi arudi nyuma.

Kwenye barabara zile za mlimani, dereva wa basi la posta akikuonyesha urudi, unarudi, hata uwe askofu. Placi alijua. Abiria wote walikuwa wanamtazama. Akaingiza gia ya nyuma, uso umemwiva, na kwa hasira akasahau kuzima mashine ya chumvi. Akarudi hivyo hivyo, kona baada ya kona, mpaka mahali pekee penye nafasi ya lori, uwanja wa banda lake mwenyewe, akiirushia chumvi milango yake. Basi likapita kuelekea darajani. Gari jekundu likaingia.

Barla alivuta mpira wa maji hadi kwenye bomba la banda, akalala chali kwenye saruji na kuosha chini ya gari. Maji ya baridi, maana maji ya moto huipa chumvi nguvu. Vidole vyake vilikufa ganzi. Viatu vya Placi vikaja vikasimama karibu na kichwa chake.

"Haitoki yote hiyo."

"Najua."

"Mwakani utaona kutu."

"Nitaiona."

"Miaka yote unatupigia kelele, halijaonja chumvi, halijaonja chumvi. Sasa?"

Barla alijiburuta akatoka, nywele zikidondosha maji. "Sasa limeonja. Mwakani utanitishia nini?"

Placi akaangalia mashine zake zilizobanana upande wa kulia. Alitoka akiubamiza mlango. Barla akaenda akauachia upenyo tena, kwa sababu gari linahitaji hewa.

Alitoa betri. Aliziba bomba la moshi kwa waya wa kusugulia sufuria, panya wasiingie. Breki ya mkono hakuivuta, isije ikagandia, bali alipiga magoti kuweka vipande vya mbao nyuma ya tairi, na kwa kuwa alikuwa ameshapiga magoti, akaanza Baba Yetu. Alifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, akakwama. Nje lori liliwaka. Alisubiri mpaka ngurumo yake ikapotea mlimani, na neno lililofuata bado halikuja. Akachukua kipande cha pili cha mbao, akakipigilia kwa ngumi mpaka kikabana.