Ukuta wa Bwana Njano

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Anakula huku anasema, anaoga huku anasema, na hata akilala hutoa maelezo. Wiki ninayoisimulia alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka kumi na miwili, na hiyo miezi miwili ndiyo iliyotuweka roho juu. Klabu ya filamu ya watoto pale maktaba haipokei aliyekwisha kutimiza kumi na miwili. Mwaka uliotangulia alipeleka filamu ya paka wa jirani, ikarudishwa. Mama wa maktaba alimweleza kwa upole kwamba paka yule amejisogeza mwenyewe. Wao wanataka kitu kisichoweza kujisogeza, kisogezwe na mkono wa mtu, picha kwa picha, mpaka itimie dakika moja kamili. Safari hii mwisho wa kupokea ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Akikosa hapo, ndiyo basi tena.

Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa kwetu, kwangu mimi na babu yake. Jumapili asubuhi akamwaga mezani mfuko mzima wa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yenye vinundu juu, yanayobanana ukiyakandamiza. Meza yenyewe ni ile yangu ya kukatia vitambaa. Nimewashonea watu nguo miaka thelathini na mitatu, na meza ile haijapata kubeba kitu zaidi ya kitambaa, mkasi na kikombe changu cha chai. Lakini mjukuu akishaomba, utasemaje?

Hadithi yake ilikuwa nyepesi. Kuna kijitu cha plastiki, kichwa cha njano, mikono kama kulabu, jina lake Bwana Njano. Anajenga nyumba, mvua inakuja, anaingia ndani anacheza. Nilipouliza mbona fupi hivyo, akanikalisha chini akanipigia hesabu. Ili macho yadanganyike kwamba Bwana Njano anatembea, sekunde moja inataka picha kumi. Kwa hiyo dakika moja ni picha mia sita. Na kati ya picha na picha, Bwana Njano asogezwe kidogo tu, upana wa punje ya mchele, asizidi. Yeye atabonyeza simu, mimi nitasogeza, kwa sababu mikono yake ina pupa na yangu haina.

Simu tuliifunga kwa lastiki kwenye kopo la kakao tulilolijaza mchanga lisitikisike. Dirisha tukaliziba kwa blanketi, maana jua linatembea na vivuli vinalifuata, tukawasha taa ya mezani. Picha arobaini za kwanza zilitoka na wekundu ambao hatukujua unatoka wapi, mpaka nilipoona ni blauzi yake nyekundu inayorudisha mwanga. Tukazifuta zote arobaini. Tangu hapo alipiga picha amevaa koti jeusi la babu yake, mikono imekunjwa mara tatu, jasho linamtiririka, na bado anasema.

Kazi ile nikaipenda. Nasogeza, naondoa mkono, natamka "tayari", anabonyeza. Nilipochoka kukadiria kwa macho nikaanza kuweka vialama mezani kwa chaki yangu ya kushonea, vidogo kama vya pindo, nyuma ya mguu wa Bwana Njano pasipoonekana. Kufika Alhamisi adhuhuri tulikuwa na picha mia nne na kumi. Nyumba ilikuwa imesimama, kuta zote nne, dirisha moja mbele. Lilibaki paa.

Sasa babu yake. Babu yake ni mwashi. Wamemstaafisha mikono, lakini macho hayajapata barua. Kila akipita na kikombe chake alikuwa anasimama mlangoni, anatazama ule ukuta, anakohoa, anaondoka. Jumatatu aliuliza kama huo ni ukuta au ni matofali yamepangwa yakimsubiri fundi. Jumanne hakuuliza, alikohoa tu, mara mbili. Chiriku akamsomea sheria: chumba hiki asiingie mtu na kuwagusa watu wa mezani, hata kwa pumzi. Babu akakubali, tena kwa heshima, kofia mkononi.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula, balbu ya taa ikaungua. Tukatoka mimi na Chiriku kutafuta nyingine, na kwa kuwa ilikuwa ya shingo nyembamba tukazunguka maduka matatu. Saa nzima ilipita. Tuliporudi tulimkuta babu yake amekaa kwenye kiti changu, blanketi limeondolewa dirishani, miwani puani, na juu ya meza, kando ya Bwana Njano, pima maji yake ya kazini, ile ya chuma yenye kitone cha hewa ndani.

Nyumba ilikuwa imejengwa upya.

Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Chiriku alikuwa ameweka tofali juu ya tofali, kichwa juu ya kichwa, kwa hiyo maungio yote yalishuka mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Babu alikuwa ameyapishanisha, kila tofali limekalia mawili ya chini yake, pembe zimeshikana kama vidole, na juu ya dirisha ameweka lenta, tofali refu la kubeba uzito wa juu. Aliyekuwa hajui kitu angempongeza.

"Mlisema nisiwaguse watu," alisema. "Watu sijawagusa. Hata huyu bwana wenu yuko palepale, nimejenga nikimzunguka."

 Chiriku akavua koti, akaliweka juu ya kiti, akaingia chini ya meza akakaa huko. Nikasubiri aseme neno. Hakusema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sikumgombeza mzee wangu. Nikaziba dirisha, nikatia balbu, nikapiga picha moja mimi mwenyewe, ya mia nne na kumi na moja, kisha nikamshikisha simu aone inavyokwenda. Bwana Njano anatembea vizuri, anaweka tofali, anageuka, na mara ukuta mzima nyuma yake unakuwa ukuta mwingine. Akaitazama mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akatazama ya nne.

"Inaruka," akasema.

Nikamwambia ndiyo, inaruka.

Shauri lake la kwanza lilikuwa tuanze upya na ukuta mzuri. Nikamhesabia siku: picha mia nne na kumi zimekula siku nne na nusu, na kesho kutwa saa sita mlango wa maktaba unafungwa. Njia ilikuwa moja tu, kuurudisha ukuta mbovu ulivyokuwa. Nikajaribu mwenyewe nikifuatisha picha, mara mbili, na mara zote mbili ukaruka kwa unywele, maana nyumba ilikalia meza tupu na pembe zangu hazikuangukia pale zilipokuwa. Nguo naweza kuirudisha ilivyokuwa, lakini nyumba haina pindo la kufumua. Mtu wa kuweka pembe mahali pake bila kukosea unywele alikuwa mmoja humo ndani, naye alikuwa ameshafunga mikono kifuani.

"Niombe kitu kingine, mama," aliniambia. "Nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kukataa kujenga hivyo. Leo nije niujengee nyumbani kwangu, mbele ya mjukuu?"

Nikamwambia ni plastiki. Akasema jicho la mtoto halijui plastiki, linajua lilichokiona mkononi mwa babu. Akaongeza na ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta, ambayo waashi huiona kama wameitunga wao. Chini ya meza unaona nyayo mbili tu.

Miaka arobaini na moja ya ndoa imenifundisha kwamba mtu huyu hasukumwi, huulizwa. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikachukua shanga zangu za buluu ambazo zingekuwa mvua, nikaanza kuzitunga kwenye uzi kana kwamba mambo yamekwisha. Kisha nikamuuliza, hivi ukuta ule wa kwanza, ungekuwa wa kweli, ungeishi muda gani.

Akasema mvua moja. Nikauliza kwani mvua inaufanya nini, si maji tu. Hapo akasogea mezani. Akaeleza jinsi ardhi inavyolowa upande mmoja, inavyoshuka kidogo, jinsi ukuta usioshikana unavyotafuta pa kufungukia. Nikasema basi utafunguka katikati. Akanicheka.

"Katikati nani kakwambia? Unaanzia kona ya dirisha. Hapa." Akaweka ukucha wa kidole gumba. "Unashuka na maungio, hivi, hivi, mpaka chini. Kisha kipande hiki kinaegemea nje kama mlevi, na ndiyo kwaheri."

Nyayo zikasogea. Kichwa cha Chiriku kikachomoza kati ya magoti ya babu yake, nywele zimejaa vipande vya nyuzi.

"Babu, onyesha tena," alisema. "Ila polepole. Punje moja ya mchele."

Sikuhitaji kusema zaidi. Ndani ya dakika kumi hadithi ilikuwa imegeuka, na Chiriku amerudiwa na sauti yote aliyoiweka akiba. Hakuna kuingia ndani wala kucheza. Mvua inakuja, ukuta unapasuka palepale Babu aliposema, Bwana Njano anabaki na dirisha mkononi. Halafu anatokea mzee mwenye ndevu, anamfundisha kupishanisha. Picha mia na tisini zilizobaki zilitosha, tukibana.

Babu bado alisitasita. Ikabidi mtoto amwapie kwamba ukuta mbovu utaanguka mbele ya kila mtu na mzuri ndio utakaobaki. Ndipo akavua miwani, akaiweka mfukoni ili asishuhudie, akaujenga ule ukuta mbovu kwa vidole vitupu. Tukapiga picha. Haukuruka hata kidogo. Akaenda kunawa mikono.

Ijumaa tulianza kabla ya chai. Mimi nilishusha mvua, nyuzi kumi na mbili za shanga zikining'inia kwenye fimbo, kila picha punje moja. Babu alishika ufa. Jamani, huyo mtu na punje ya mchele hawaelewani. Ukimwambia asogeze kidogo anasogeza kama anaupisha mkokoteni. Mara tano aliubomoa ukuta kabla ya wakati, na mara tano akaurudisha. Kidole chake gumba kikaonekana kwenye picha kadhaa, kikubwa kuliko Bwana Njano, zikafutwa. Chiriku alimwita kibarua, akamtishia kumkata chai, naye akajibu kwamba hajawahi kuona msimamizi aliyevaa koti la mfanyakazi wake. Mzee wa filamu nilimtengenezea ndevu kwa pamba ya kujazia mito, na Babu akataka zipunguzwe, akidai fundi mwenye ndevu ndefu hivyo zingemjaa saruji. Nikazipunguza.

Picha ya mia sita ilipigwa Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi. Saa tano tulikuwa maktaba.

Mama wa maktaba aliipokea simu, akaiunganisha na kompyuta yake, akatuelekeza viti vitatu. Hakutabasamu. Alitazama dakika nzima amekunja uso, na ukuta ulipoanza kufunguka kwenye kona ya dirisha akaegemea mbele akasema "yalaa" kwa sauti ya chini. Ilipokwisha akarudisha nyuma, akatazama tena kile kipande. Kisha akamgeukia Chiriku, akamwambia ajibu yeye peke yake. Ukuta ule ulianguka kwa nini?

Nilihisi Babu anavuta pumzi ya kujibu. Nikamkanyaga.

Chiriku akasema matofali yalikuwa yamesimama vichwani mwa wenzao, kila mstari peke yake, hakuna aliyemshika jirani. Mvua ilipokuja kila mstari ukaenda zake.

Mama wa maktaba akaandika kitu. Akauliza tena, kama alipanga hivyo tangu mwanzo.  Mtoto angeweza kusema ndiyo, na nani angebisha? Alitutazama, akatazama kompyuta.

"Hapana," alisema. "Mimi nilijenga vibaya bila kujua. Babu akaharibu filamu."

"Nilitengeneza," Babu akasema, mguu wangu bado juu ya wake.

"Akatengeneza ukuta, akaharibu filamu. Halafu ikabidi aharibu ukuta ili kutengeneza filamu. Bibi akaleta mvua."

Yule mama akaweka kalamu chini. Mabega yakaanza kumcheza, akajizuia, yakamshinda. Alicheka mpaka msomaji mmoja wa magazeti akamwonyesha bango la kuagiza kimya lililo juu ya kichwa cha mama mwenyewe. Akajifuta macho, akasema wengi humletea filamu wakamwapia kuwa kila kitu kilikwenda kama walivyopanga, na yeye haamini hata mmoja. Akafungua daftari la klabu. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, kumi zimejaa. Akaandika jina la mjukuu wangu kwenye mstari wa kumi na moja, kisha akasubiri kalamu ikiwa hewani. Filamu inaitwaje?

Tukatazamana. Siku saba mezani, na hakuna aliyeipa jina.

Chiriku akafikiri kidogo tu. "Ukuta wa Babu."

"Upi?" Babu akauliza hapohapo. "Ule ulioanguka si wangu, mama. Tafadhali usiniandikie ule."

"Wa pili, Babu."

Babu alitaka iandikwe bayana, pasibaki shaka. Basi mama wa maktaba akaandika: Ukuta wa Pili wa Babu. Babu akainama juu ya daftari, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, na alipofika mwisho akaitikia kwa kichwa kwamba imekaa sawa.