Tabo na Supachaja Walipokuja Kumposa Tunu

Usiku wa kuamkia leo niliota gari langu linaposwa.

Nieleze kwanza, maana asiyemjua Tunu atadhani nimerukwa na akili. Tunu ni gari langu dogo jekundu, kuukuu, ninalolitengeneza kidogo kidogo kila nikipata nafasi. Hapa Muheza wananicheka, wanasema nimeoa bati. Wacheke tu. Mke wangu Mboni aliposhikwa na uchungu kule Amani mlimani, mvua inanyesha, barabara tope tupu, ni Tunu aliyetuteremsha mpaka hospitali. Hakuzima hata mara moja. Binti yetu Nasra akazaliwa salama, na leo yuko darasa la pili, ananisumbua na hesabu za kutoa.

Sasa mtu wa namna hiyo utamshukuruje? Mimi niliona nimwongezee pumzi, apande ule mlima kama msichana. Fundi Mhina akaniambia vifaa vya kusukumia upepo ndani ya injini viko viwili, tabo na supachaja. Nichague kimoja, asubuhi atakuja nacho kukifunga. "Lakini chagua vizuri, kaka," akasema. "Injini hii ya Tunu hupati nyingine. Ikipasuka, tunamuuza chuma chakavu." Nikalala na maneno hayo kichwani.

Basi, katika ndoto niko uani kwangu, mchana kweupe, nimevaa kanzu. Sijui nani kanivalisha. Tunu yuko ndani chumbani, boneti imefunikwa kanga mbili, matairi yote manne yamepakwa hina. Mimi naona sawa tu.

"Hodi hapa!"

"Karibuni."

Wakaingia wageni wawili. Wa kwanza mfupi, kajikunja kama konokono, uso umemwiva kwa moto hadi mkeka ukaanza kuungua alipokaa. Huyo ni Tabo. Wa pili pande la mtu, kajifunga mkanda mrefu wa mpira kiunoni. Huyo ni Supachaja. Nikaenda kuleta chai na mandazi, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Habari za utokako?" nikamuuliza Tabo.

Tabo kimya, ananitazama tu.

"Utakunywa chai?"

"Nzuri, alhamdulillahi," akajibu.

"Nikutilie sukari?"

"Nitakunywa."

"Wazee wako hawajambo?"

"Vijiko viwili."

Nikaelewa kuwa huyu bwana hana dharau. Majibu yake yote yanakuja, ila yanachelewa. Nikaanza kuuliza swali na kukaa kulisubiri jibu lake.

Supachaja hakunisumbua hivyo. Huyo ulikuwa hujamaliza kuuliza, yeye keshajibu.

"Sasa wewe..."

"Nzuri, nitakunywa, vijiko vitatu, hawajambo," akasema, kwa sauti nyembamba inayolia mfululizo. Na kila akisema neno, anamega andazi langu. Si lake, langu! Lake lipo mbele yake, zima, halijaguswa.

"Bwana Supachaja," nikamwambia, "mbona unakula la kwangu?"

"Mimi hufanya kazi kwa nguvu za mwenyeji," akasema, akamega tena. Kisha akaufungua mkanda wake, akaniviringishia kiunoni, akakaza. "Ukizunguka, nazunguka. Ukikanyaga, nipo. Hakuna kungoja."

Ni kweli hakukuwa na kungoja. Ila kuanzia hapo kila alipofungua mdomo nilihisi nguvu zinanitoka, kama niliyefunga saumu na kulima siku hiyo hiyo.

"Na wewe, Tabo, ukimchukua binti yangu utakula nini?" Nikangoja. Chai ikapoa. Nikamwona jirani akianika nguo zake zote.

"Ukoko," hatimaye akasema. "Mimi sigusi chungu cha mtu. Ule moshi wa Tunu unaotoka nyuma, mnaoutupa bure, ndio riziki yangu. Moshi unanizungusha, nami namsukumia upepo. Ila nachelewa kidogo kushiba. Na naomba tafadhali, nikimaliza kazi msinifukuze palepale. Niachwe nipoe."

Jamani, nilimpenda. Kisha Supachaja akasema neno moja tu la salamu kwa jirani, nami nikakaa chini bila kutaka.

"Maneno matupu hayaozi binti," nikasema. "Twendeni mlimani mkanionyeshe."

Hatukwenda. Mlima wenyewe ulikuwa umeshafika. Ua haupo, tuko kwenye ule mwinuko mbaya wa barabara ya Amani, boneti ya Tunu mbele yangu na kanga zake, mimi nyuma ya usukani.

Supachaja anaingia chini ya boneti. Nakanyaga. Palepale tunaruka. Miti inarudi nyuma, kuku wanatukimbia, na mimi nazidi kukonda. Kufika kona ya kwanza kanzu inanipwaya. Kufika kona ya pili saa imenivuka mkono, imeangukia miguuni. Tunafika juu, nami nimekuwa mwembamba kiasi kwamba mkanda wa kiti unanifunga mara mbili.

"Umeona?" anasema Supachaja. Naomba asiseme tena.

Zamu ya Tabo. Nakanyaga. Kimya. Nakanyaga mpaka mwisho. Mbuzi mmoja anatupita akipanda mlima, anageuka kutuangalia, anatuonea huruma. Mama mmoja mwenye ndoo anatupita. "Tabo!" naita. "Uko wapi, baba?" Kimya. Namwomba Mungu. Ndipo nyuma yetu nasikia mluzi mdogo, unapanda, unapanda, na mlima mzima unavutwa chini yetu kama mkeka. Tuko juu. Tumempita mama na ndoo yake, tumempita mbuzi, tumeipita hata zahanati ya juu kabisa, ikabidi turudi.

"Niko hapa," anasema Tabo, tumeshazima.

Mtihani ulikuwa huo. Huyu anawahi lakini anamla mwenyeji, yule hamli mwenyeji lakini anachelewa. Nikashindwa kabisa. Nikasema aulizwe Tunu mwenyewe, kwani anayeolewa ni mimi?

"Ndivyo inavyotakiwa," ikasema sauti. Alikuwa Kadhi. Naye ni geji ya kupimia upepo wa tairi, ya duara, kavaa kilemba, mshale wake umesimama katikati kwa heshima.

Tukawa wodini. Wodi ile ile alimozaliwa Nasra, naijua, ina dirisha lenye kioo kilichozibwa kwa boksi. Tunu kalazwa kitandani chini ya shuka la bluu. Wageni wamejaa pembeni, spana za kila namba, jeki mbili, plagi nne zimevaa madera ya sare. Muuguzi akapita, akasema, "Wageni wa wodi ya wazazi wasizidi wawili," kisha akaziangalia spana, akasema hizo ni seti moja, zihesabiwe mgeni mmoja tu.

Kadhi akainama kitandani. "Tunu binti Chuma, unaridhia kuolewa na Tabo?"

Tunu kimya.

Mnajua desturi yetu. Mwali akiulizwa akanyamaza, ana haya, karidhia. Plagi nne zikapiga vigelegele mpaka cheche zikaruka.

"Na mimi niulizwe!" Supachaja akalia. Ni haki yake. Kadhi akainama tena. "Tunu binti Chuma, unaridhia kuolewa na Supachaja?"

Tunu kimya.

Vigelegele tena. Mshale wa Kadhi ukapanda taratibu mpaka kwenye wekundu. "Karidhia wote wawili," akasema. "Sijapata kuona, lakini ndivyo ilivyo. Baba mzazi, toa mkono."

Nikatoa mkono. Mkono wa Tabo unakuja, wa moto. Mkono wa Supachaja umeshafika zamani. Ndipo nikasikia mtu anakohoa chini ya kitanda.

Alikuwa bisibisi refu la mpini mweusi, limejitanda ukaya. Ndiye somo wa Tunu, aliyemfunda.

"Baba Nasra," Somo akasema, "nikuulize na mimi? Injini ikinyamaza, huwa imeridhia?"

Nikamtazama Tunu. Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kunyamaza. Asubuhi hukohoa. Akiwa tayari hunguruma kama paka wa jikoni. Kwenye foleni hulalamika. Injini ikinyamaza haina haya, jamani. Imekufa au inakaribia kufa. Nasi tunaipigia vigelegele!

"Mtume!" nikasema. Nikauvuta mkono wangu. "Somo, nisaidie."

Mmeona mafundi wanavyofanya. Unasimamisha ncha ya bisibisi kwenye injini, unatia sikio kwenye mpini, unasikia mpaka yaliyo tumboni. Nikasimamisha ncha ya Somo kifuani pa Tunu, nikabana sikio kwa nguvu mpaka likauma.

Mbali, chini kabisa, nikamsikia.

"Baba," Tunu akasema, "nashukuru. Unanitafutia pumzi, na kifua changu hakina pa kuiweka. Akiingia yeyote kati ya hawa, nitapasuka siku hiyo hiyo. Beringi ya tatu imekwisha."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu siku ya mvua. Jiwe lilinitoboa chini pale kwenye kona ya daraja, oili ikamwagika yote. Nilisikia chuma kinasagana na chuma. Nilitaka kuzima. Nikamsikia Mama Nasra analia nyuma, nikasema acha nifike kwanza."

Lile tundu nakumbuka Fundi Mhina aliliziba kesho yake, nami nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mkunga, nikamshukuru hata mlinzi wa geti la hospitali kwa kuwahi kufungua. Tunu nilimwosha tope.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila asubuhi nilikuambia. Wewe ukaongeza sauti ya redio."

Nikalia, na sioni haya kusema. Nililia mbele ya spana zote. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na punda alikuwa mimi, nimevaa kanzu, nimeleta na wachumba.

"Tunu," nikamwambia ndani ya mpini, "wewe ndiye uliyenipa mwanangu. Sikuozi. Unataka nini?"

"Beringi mpya. Na oili safi. Na uniwashe asubuhi taratibu, usinikanyage baridi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, baba. Ule mlima nitaupanda. Polepole, lakini nitaupanda, na Nasra akitaka kuja, nitamchukua."

Nikamgeukia Kadhi, nikamweleza kuwa hakuna ndoa. Mshale wake ukashuka mpaka sifuri, akaupumzisha. "Alhamdulillahi," akasema, "maana nilikuwa najiuliza mahari ya waume wawili yanagawanywaje."

"Hapana neno, kila la heri, asante kwa chai," Supachaja akasema kwa pumzi moja, nikasikia njaa, akafungua mkanda wake kiunoni mwangu na kuondoka. Nguvu zikanirudia, kanzu ikanikaa tena sawa.

"Na wewe, Tabo?" nikauliza. "Utatusamehe?"

Tabo kimya. Plagi zikavua madera, zikatoka. Jeki zikabebana. Kadhi akaaga. Muuguzi akaja na dekio, akadeki kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, akafungua dirisha, akatuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mimi bado nimekaa, maana mwenyewe aliomba asifukuzwe kabla hajapoa. Uso wake umeanza kurudi rangi ya chuma.

"Nitamsubiri apone," hatimaye akasema. "Mimi kusubiri nimezoea."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa vuguvugu tu.

"Baba Nasra! Amka, simu yako inalia!"

Alikuwa Mboni, mke wangu, kasimama kando ya kitanda na simu yangu mkononi. Jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Nikainuka, naye akashika kiuno.

"Toba! Foronya yangu!"

Foronya ni nyeupe, kaitandika jana. Katikati, pale nilipolaza kichwa, kuna duara jeusi la oili, dogo, upana wa mpini wa bisibisi.

"Hebu geuka," Mboni akasema. Akanishika taya, akanigeuza kwenye mwanga. "Sikio lote oili. Si ulioga jana, Baba Nasra? Si mimi mwenyewe niliyekusugua mgongo?"

"Ulinisugua."

"Sasa hii umeitoa wapi?"

Nilimshika mkono nikaubusu, akanitazama kama mtu anayefikiria kuita majirani. Simu ikalia tena. Nikapokea.

"Kaka, niko dukani," Fundi Mhina akasema. "Nilete kipi, tabo au supachaja?"

"Usilete chochote, fundi. Njoo na spana zako tu. Leo hatufungi kitu, tunafungua chini tuangalie beringi ya tatu."

"Ya tatu? Nani kakwambia ni ya tatu?"

"Mwenyewe," nikasema. "Kaniambia mwenyewe."