Kompyuta Iliyosubiri Kuitikiwa

Waliokwenda kuchapisha barua kwenye duka la Hildegarda, karibu na stesheni ya Kilosa, walizoea kumkuta mzee Lupakisyo akitabasamu mbele ya kompyuta yake. Ukiiwasha ile, haikufungua kazi mpaka imwandikie kwanza: "Shikamoo baba." Naye aandike "marahaba", herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja kilichokomaa kwa spana za reli. Neno jingine haikulijua.

Salamu hiyo aliitia bintiye Irine, siku alipoiwekea mashine mfumo endeshi wa FreeBSD. Ndio mwaka baba yake alipopunguzwa kazi relini, akawa hana pa kwenda asubuhi, mpaka Hildegarda akampa kazi ya kuchapa barua. Masika yaliyofuata Irine akaugua siku nne, akafariki. Mashine ikaendelea kusalimia.

Kompyuta ya pili ya duka ilikuwa na mfumo wa Linux, kazi ya Goodhope, fundi kutoka Mikumi. Yeye na mzee walibishana kila siku ipi nyepesi, kama watu wa Simba na Yanga.

Sasa Hildegarda alikuwa anafungua chumba kingine Mikumi, na alitaka mashine zote ziwe na mfumo mmoja.

"Zishindane kwa kazi zetu hizi hizi," alisema, akavua saa yake akaiweka mezani. "Itakayoshindwa inafutwa."

Kuchapa karatasi ishirini, FreeBSD ikatangulia. Kufungua barua ndefu, Linux ikaiacha. Wakachomoa nyaya ghafla, maana umeme wa Kilosa haupigi hodi ukiondoka; zote mbili zikaamka na barua zake zote. Ikabaki moja: kuwaka mpaka kuwa tayari kwa kazi.

"Yangu tayari!" Goodhope akapiga kofi. "Mzee wangu bado anasalimiana! Si ujibu kwa kifupi?"

"Shikamoo haijibiwi kwa kifupi," Lupakisyo akasema. Alikuwa bado kwenye herufi h.

Hildegarda akaitazama saa, kisha akamtazama yeye. "Baba, mfumo wako si mzito. Ni hiyo salamu. Itoe, tupime upya, utashinda."

Lupakisyo alijua ni kweli. Irine alimwonyesha ilipokaa: mistari minne tu. Akaifungua, akaisoma, kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufutia. Akifuta, mashine ya mwanawe inabaki, ila haimsalimii tena. Asipofuta, vinaondoka vyote.

"Nikiitoa, nitakuwa nimeokoa nini?"

Akaifunga bila kuigusa.

"Mzee, nitakuandikia nyingine humu kwangu," Goodhope akasema, utani umemtoka. "Vilevile, shikamoo baba."

"Yako nimeshaiitikia asubuhi, pale mlangoni."

Goodhope akatoa mfukoni diski yake ya Linux. Lupakisyo akaomba aiwashe mashine mara moja tu.

"Shikamoo baba."

Akaandika taratibu: "Marahaba mwanangu."

Hilo la pili mashine haikufundishwa. Ikarudia: "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Shikamoo baba."

Goodhope akainama amwelekeze. Hildegarda akamshika mkono. "Mwache."

Wakasimama pale, treni ya mizigo ikapita, meza ikatetemeka, mzee anaitikia. Mara ngapi, hawakuhesabu. Mwishowe akaandika "marahaba" peke yake, mashine ikafunguka. Akainuka, akampisha fundi kitini.