Kuoshwa kwa Fanueli

Fanueli alirudi kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia mwaka 1949, baada ya miaka tisa chini ya ardhi. Alishuka kwenye lori Tunduma, na safari ya kutoka hapo hadi Igamba ikamchukua siku nne, maana kila penye kilima aliketi chini kutafuta pumzi. Mkewe, Nesta, alimwona akikatiza shamba la kahawa akadhani ni mzee mgeni aliyepotea njia ya misheni.

Mama yake Fanueli, Tupokigwe, hakuuliza kitu. "Amekula vumbi la migodini," alisema. "Limeganda tumboni. Litatoka."

Alikuwa fundi wa kuosha matumbo. Watoto wenye choo kigumu waliletwa kwake kutoka kila upande. Sasa kila Jumamosi alichemsha maji na majani machungu, akayaacha yapoe, akatia povu la sabuni na mafuta ya mbarika, kisha akamwingizia mwanawe kwa nyuma kwa kibuyu chenye mrija wa tete. Nesta ndiye aliyemshika mabega. Mwanamume wa miaka thelathini na minne alilala ubavu juu ya mkeka, uso ukutani. Baadaye alijikokota kwenda chooni mara tatu, mara nne, na mama yake akaenda kutazama.

"Jeusi," alisema, ameridhika. "Linatoka."

Chakula kikawa uji mwepesi usio na chumvi. Maharage, nyama, hata maziwa vilipigwa marufuku, visije vikachafua palipooshwa. Mwezi wa pili suruali alizokuja nazo zilikuwa zinamvuka. Wanawake wa kanisani walisema anang'aa. Nesta, aliyemgeuza kitandani, alijua ni mifupa.

Siku moja mama mkwe alikwenda Mlowo kununua sabuni. Nesta akachinja kuku.

"Kula, baba Ruti. Mama hayupo."

Fanueli alikohoa kwanza, muda mrefu. "Nesta, tumboni hamna kitu. Vumbi liko kifuani. Daktari wa mgodini aliniambia kabla sijaondoka. Halioshwi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakubali haya yote?"

"Mama akiwa na kazi ya kufanya, halii. Mwache aoshe. Niapie hutamwambia."

Nesta alisimama na bakuli mkononi, akatamani kumpiga nalo. "Mama yako asilie. Na mimi je? Miezi mitatu nakunyima chakula kwa mikono yangu hii, nikidhani nakuponya!"

Fanueli alinyoosha mkono kwenye bakuli. Alikula vipande viwili, akavitapika. Nesta akaapa. Jumamosi iliyofuata akamshika tena mabega.

Alikufa kabla ya kahawa kuiva. Msibani Tupokigwe aliwaambia waombolezaji, "Mwanangu amekwenda safi. Tulichelewa tu kuanza." Wagonjwa wakazidi kumjia, wengine kutoka mbali, na Nesta akayanyamazia yote. Kisha, baridi ya Juni, binti yake Ruti alishikwa na kikohozi. Nesta alitoka shambani akamkuta Tupokigwe amekwisha kuteleka maji.

"Usimguse, mama."

"Mkwe wangu, nataka kumsaidia. Baba yake angeoshwa mapema..."

"Baba yake alijua kuwa vumbi la kifuani halioshwi! Daktari alimwambia. Alikuacha umwoshe ili usilie. Amekufa na ugonjwa wake na njaa juu yake, na waliomnyima chakula ni sisi wawili."

Tupokigwe aliketi chini pale pale, kando ya moto.

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alikuambia lini?"

"Miezi miwili kabla hajafa."

Mama mkwe aliinua macho kutoka motoni. "Basi mimi nilimwosha kwa kutojua," alisema polepole. "Wewe je?"

Nesta aliepua chungu, akayamwaga maji nje. Ndani mtoto alikuwa anakohoa. Wanawake wale wawili waliishi katika ua ule mmoja miaka kumi na mmoja zaidi, kila mmoja na jiko lake.