Setilaiti Isiyoona Sufuria

Siku tatu kabla muda wangu wa majaribio gazetini haujaisha, mhariri aliibandikia habari yangu kichwa hiki: SETILAITI YA JESHI YAONA HADI SINDANO.

"Bosi, haioni sindano," nikasema. "Nukta moja ya picha yake ni mita tatu huku chini. Lori italiona. Mtu haimwoni."

"Ulipanda huko juu ukapima?"

"Nimesoma waraka wao wenyewe."

"Binti yangu, gazeti linauzwa kwa sindano, haliuzwi kwa nukta. Unataka mkataba au unataka mita?"

Nilitaka vyote viwili. "Basi jina langu liondoe hapo," nikamjibu, na chumba kizima kikaacha kuchapa.

Mhariri alikuwa na mtindo wake. Kila kichwa cha ukurasa wa kwanza humsomea mama yake kwa simu, kaweka spika. Mama akishtuka, kinakwenda mtamboni.

"Hadi sindano? Toba!" mama akamaka.

Mhariri akanikonyeza.

"Basi mwanangu, waulize sufuria yangu kubwa iko kwa nani. Jirani anaapa hajaigusa."

"Mama, hicho ni chombo cha kijeshi..."

"Sindano waione, sufuria ya kupikia watu mia iwashinde? Au gazeti lako linadanganya?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ghafla sote tulishikwa na mafua. Mhariri, kwapa zimelowa, akampigia msemaji wa jeshi na kumuulizia sufuria. Msemaji alicheka mpaka akapaliwa.

"Mzee, hata nyumba nzima ya mama yako ni vinukta vinne tu!"

Mhariri akafuta, akaandika upya, akampigia mama kuungama. Kesho yake tukatoka na SETILAITI YA JESHI HAIONI SUFURIA. Chini yake jina langu, na mita zangu zote tatu.

Saa mbili asubuhi msemaji akapiga, kicheko kimekauka. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Kuna kosa?" mhariri akauliza.

"Hakuna! Ndilo tatizo lenyewe! Wakubwa wanafoka tangu alfajiri, dunia nzima imejua tusichokiona. Ni yule msichana wa majaribio, siyo?"

Mhariri akanitazama.

"Wa majaribio yupi? Huyo ni mwandishi wangu wa kudumu," akasema, akakata simu. Kisha akanigeukia. "Umeganda nini? Kimbia ofisi ya utumishi kabla sijajuta."